Kiganja cha MaNdiweni

Mtu akibisha hodi kwa Mabhena, mtaa wa Mpopoma mjini Bulawayo, na kumuulizia mwenye nyumba, mkewe alikuwa na jibu moja tu. "Yuko chini," angesema MaNdiweni, naye mgeni angezunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye banda la mabati na kuiona miguu miwili yenye viatu vya reli ikichomoza chini ya gari. Mwenye haja ya haraka aliongea na miguu. Asiye na haraka aliketi juu ya ndoo akangoja mwili wote utoke.

Gari lenyewe lilikuwa Austin Cambridge la mwaka 1960, lenye mapezi mawili nyuma kama samaki. Mabhena alilinunua kwa mjane wa mwalimu mmoja, likiwa limekaa miaka kumi na mitatu kando ya ua, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Wakati huo alikuwa amestaafu karakana ya reli, alikogonga mabati ya mabehewa kwa miaka thelathini na minane. Injini haikumsumbua, mwaka wa kwanza haukwisha kabla haijaunguruma. Kutu nayo aliikata akachomelea vipande vipya. Kilichomshinda ni ngozi ya gari. Mabonde yaliyoachwa na nyundo yake, viraka vyake, na makovu ya mwalimu aliyekuwa akigonga nguzo za geti kila akirudi kutoka kilabuni, vyote hivyo alivijaza puti ya kuzibia mashimo, akavipiga msasa, akavitazama, akavijaza tena.

MaNdiweni hakuwa mke wa ujana wake. Mabhena alikuwa amefiwa na mke, yeye alikuwa amefiwa na mume, na walikutana langoni mwa karakana, mahali MaNdiweni alipouza ugali na matumbo. Mabhena alikula pale kila mchana kwa miaka miwili bila kusema neno ila "asante, mama." Kisha siku moja akarudisha sahani na kusema, "Chakula chako kinanifanya nichukie kwenda nyumbani." Hivyo ndivyo MaNdiweni alivyoposwa akiwa na miaka hamsini na sita. Mjumbe alitumwa kwao Matobo, ng'ombe wakazungumzwa, wazee wakaridhika, na bibi harusi akahamia Mpopoma na sufuria zake. Lilibaki jambo moja tu. Mkwe mwenyewe alikuwa hajaenda kuonekana.

"Nitakwenda," Mabhena alisema siku zote, "kwa gari langu."

Alikuwa na sababu yake. Alipooa mara ya kwanza, basi liliharibika njiani, akalazimika kumalizia safari juu ya mkokoteni wa punda. Alifika ukweni suti imegeuka rangi ya barabara, na mbele ya wazee waliojipanga kumpokea, punda mmoja akagoma, akalala. Tangu saa ile mashemeji zake wakamwita Mkwe wa Punda. Walimwita hivyo mbele ya watoto wake, wakamwita hivyo miaka thelathini, na hata siku ya kumzika mkewe, mmoja wao, katika kutaka kumfariji, alimshika bega akasema, "Pole sana, Mkwe wa Punda." Mabhena alilia siku ile kwa mambo mawili.

MaNdiweni aliposimuliwa kisa hicho mara ya kwanza alicheka hadi akashika ukuta. Ulipofika mwaka wa nne hakucheka tena.

Mwezi wa Agosti, mdogo wake wa kiume, Mpiyezwe, aliyebaki nyumbani na mama yao, alikuja kwa basi la asubuhi. Alikunywa chai ya kwanza kimya. Chai ya pili ndipo aliposema.

"Mama ameanguka zizini, dada. Mfupa haukuvunjika, lakini hasimami vizuri. Analala mchana."

"Mama? Analala mchana?"

"Analala. Na akiamka anauliza habari ya huyo mwanamume anayekula ugali wako. Anasema mwambieni aje upesi, maana mimi sipokei wageni nikiwa nimelala chali."

Mabhena alikuwa amesimama mlangoni akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Shemeji," akasema, "mwambie mama niko kwenye milango."

"Milango?"

"Imebaki milango, madigadi na paa."

Mpiyezwe alimtazama dada yake, kisha akamtazama shemeji. "Mwaka jana pia ulisema imebaki milango."

"Mwaka jana ilikuwa ya kushoto."

Mgeni alipokwisha kusindikizwa kituoni, MaNdiweni alikwenda hadi bandani. Miguu ilikuwa tayari imeshachomoza.

"Mabhena, Jumamosi twende kwa basi."

"Basi sipandi."

"Basi si punda."

Miguu ilijivuta ndani kidogo.

"Mama yangu ana miaka tisini na mmoja," akasema MaNdiweni. "Lako hilo lina miaka mingapi?" Kisha aligeuka akaenda kuchambua mboga, na majani mengi mazuri siku ile yaliingia kwenye ndoo ya takataka pamoja na mabovu.

Asubuhi yake alikuwa akifagia uwanja. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia juu ya ukuta wa jirani, na mwali wake ukapenya chini ya mabati ya banda ukalala juu ya mlango ambao Mabhena aliumaliza jana. MaNdiweni akaacha kufagia. Mlango ule ulikuwa na mawimbi kama maji ya bwawa yanapopitiwa na upepo.

Alikuwa amezaliwa Gulathi, kwenye vilima vya Matobo, mahali ambapo kila mwaka baada ya mavuno wanawake hukandika upya nyumba zao na kuzisiriba mpaka zing'ae. Mama yake ndiye aliyeitwa na wengine wakishindwa. Alimfundisha Senzeni, ndilo jina la MaNdiweni la utotoni, kwamba ukuta hautazamwi kwa kusimama mbele yake. Unatazamwa ubavuni, asubuhi, jua likiwa chini. Na kile ambacho jicho halikukiona, kiganja kitakiona.

Akavua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akakiweka chini ya kiganja ili mkono uteleze, akaupitisha mlangoni polepole kutoka bawabani hadi kwenye kitasa. Bonde. Kilima. Bonde. Kilima kidogo, halafu bonde refu.

"Unafanya nini?" Mabhena alikuwa nyuma yake na kikombe cha chai.

"Nasalimiana na mlango wako."

"Huo umekwisha."

"Una mawimbi."

"Mawimbi! Nimeupiga msasa siku tatu!"

"Ndiyo maana. Umesugua palipo laini, ukapakimbia palipo pagumu. Tena unasugua kwa vidole, vidole vinachimba mifereji."

Mabhena akaweka kikombe chini. Akapitisha kiganja chake mlangoni, mara mbili, uso umekunjamana kama anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. "Sawasawa kabisa," akasema. "Hiki ni chuma, MaNdiweni. Si kibanda cha udongo."

"Chuma kiko ndani. Juu umepaka udongo."

Mabhena akavaa koti akaenda kwenye kikao cha wastaafu, saa mbili kabla ya wakati.

MaNdiweni alimtazama hadi akapotea kona. Kisha akafunga kanga kiunoni. Puti ya kwanza aliiharibu: alitia dawa ya kukausha kwa ukarimu, na kabla hajageuka mchanganyiko ulipata moto juu ya kibao ukawa jiwe. Akakumbuka alivyomwona mumewe. Puti kiasi cha limau, dawa kiasi cha punje ya harage, koroga mpaka rangi iwe moja, na usipige soga. Alikata kipande cha mfuniko wa siagi kikawa mwiko wake. Hakulijaza shimo, alianza mbali, pale palipokuwa pamenyooka, akaivuta puti nyembamba juu ya bonde lote na kutokea upande wa pili, kama ukuta unavyosiribwa. Ilipokauka, akazungushia msasa kwenye ubao ulionyooka, mrefu kama mkono wake kuanzia kiwiko, akasugua kwa mshazari, kwanza huku, kisha kule. Halafu akachukua masizi ya chungu, akayapaka juu yote, akasugua tena. Palipobaki peusi ndipo palipokuwa bado chini. Akaongeza puti. Alisahau kula.

Mabhena alirudi jua likiwa limeinama upande wa pili. MaNdiweni alikuwa jikoni, lakini dirisha la jikoni linaangalia banda. Alimwona anasimama. Alimwona anachuchumaa, anaufuata mlango kwa jicho, ubavuni. Wakati huohuo jirani yao Moffat, dereva wa lori aliyerudi mchana ule kutoka safari, akaegemeza mikono juu ya ua.

"Mzee! Huo mlango umempa fundi gani? Huo sasa ni mlango. Mingine yote ni ngozi ya mamba."

MaNdiweni akaacha mwiko ndani ya sufuria, ugali ukaanza kutokota peke yake.

Mabhena alisimama wima. "Fundi wa hapahapa," akasema.

"Nani?"

"Mwenye nyumba."

"Si wewe mwenye nyumba?"

"Mimi mpangaji tu, Moffat. Nenda kaoge, unanuka dizeli."

Ugali uliungua kidogo chini. Waliula wote, na hakuna aliyetaja mlango. Lakini asubuhi MaNdiweni alikuta bandani kigoda kipya, kreti lililopigiliwa sponji ya kiti cha zamani cha gari, na juu yake ubao wa msasa wenye mpini. Mpini ule ulikuwa umechongwa mwembamba. Mkono wa Mabhena usingeingia pale. Wa kwake uliingia kama ulipimwa.

Basi wakagawana kazi. Mabhena aligonga chuma kwa nyundo huku ameweka kipande cha reli upande wa ndani, akapandisha palipozama na kushusha palipotokeza, hadi ibaki kazi ndogo. Kisha alijitoa, akasema, "Mlango wako, fundi," naye MaNdiweni akavuta kigoda. Wapita njia walizoea kusikia sauti ya msasa tangu asubuhi, na Moffat alizoea kuchungulia. "Mzee, kwa hiyo sasa nikimtafuta mama niambiwe yuko chini?" "Yuko ubavuni," alijibu Mabhena. "Chini ni kwangu."

Mwezi wa Oktoba joto lilipanda, puti ikawa inakauka kabla ya kupakwa, wakahamisha kazi iwe ya alfajiri na jioni. Mchana walikaa kivulini nyuma ya nyumba na maziwa mgando. Ilikuwa mchana mmoja wa namna hiyo MaNdiweni alipomuuliza jambo ambalo lilimkaa moyoni tangu siku ya mlango wa kwanza.

"Siku ile ulipousugua kwa kiganja ukasema sawasawa kabisa. Ulikuwa unanibishia tu, au kweli hukusikia?"

Mabhena alizungusha kikombe. "Sikusikia."

"Hata kidogo?"

"Lete mkono." Mabhena akaweka kiganja chake ndani ya mkono wa mkewe. MaNdiweni alikishika mara nyingi kabla ya hapo, lakini hakuwahi kukisoma. Kilikuwa kigumu kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa, kimepasuka kwenye mikunjo, na weusi wa chuma umeingia ndani usioweza kutoka. Akakikwaruza katikati kwa ukucha.

"Unasikia?"

"Nasikia kama mtu anabisha hodi nyumba ya jirani."

"Tangu lini?"

"Tangu karakana. Zile nyundo za hewa zinatetemesha mkono mchana kutwa, ukirudi nyumbani unaendelea kutetemeka peke yake. Mwisho ukaacha. Nikafurahi umeacha, kumbe umekufa." Akaongeza bila kumtazama, "Hata shavu lako, MaNdiweni. Nalijua kwa macho tu."

MaNdiweni aliinuka, akabandika maji, akayaleta ya uvuguvugu kwenye beseni pamoja na jiwe la kusugulia miguu na mafuta ya mgando. Akakiloweka kile kiganja cha kulia, akakisugua, akakipaka mafuta, akafuata cha kushoto. Akafanya hivyo siku ya pili, na ya tatu. Mabhena alilalamika kwamba nyundo sasa zitamponyoka, lakini kila mchana alikuwa wa kwanza kufika kivulini.

Viganja vililainika kwa juu, ndani havikuamka. Siku ya kumi MaNdiweni alipata wazo lingine. Akageuza mkono wa mumewe, akashika pale kwenye kifundo, upande wa ndani, ngozi ilipokuwa changa kwa sababu haikuwahi kushika mpini wa kitu chochote.

"Hapa je?"

"Hapo nasikia."

"Basi kiganja chako kilihama. Kipo hapa."

Mabhena akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Kisha akauinua polepole, akaulaza upande ule laini kwenye shavu la mkewe, akaupitisha kutoka sikioni hadi karibu na mdomo, taratibu, kama alivyoona kiganja kinavyopitishwa mlangoni.

"Kuna bonde hapa," akasema.

"Hicho ni kibonyo nilichozaliwa nacho. Usije ukakijaza puti."

Walicheka, lakini Mabhena hakuutoa mkono, na maziwa yakapata joto kwenye vikombe.

Katikati ya Novemba gari lilikuwa tayari kwa praima, ule mpako wa chini unaotangulia rangi. Mabhena alikuwa na kompresa ya kupulizia rangi aliyoiunda kwa mota ya friji na mtungi wa gesi mtupu. Walimwagia sakafu maji ili vumbi lilale, wakatundika mashuka ya zamani pande zote kuzuia maua ya jakaranda yaliyokuwa yakipukutika hovyo, wakalifuta gari zima kwa kitambaa chenye thina ya kuondoa mafuta, na kuanzia hapo MaNdiweni alikatazwa kuligusa hata kwa kidole, kwa kuwa mafuta ya mwili huzuia rangi kushika. Alisimama nje ya shuka akiwa ameziba pua, akasikiliza pumzi ya bunduki ya rangi ikienda na kurudi. Lilipofunuliwa, gari lilikuwa la kijivu kuanzia pua hadi mapezi. Viraka vilikwisha. Makovu ya mwalimu yalikwisha. Kwa mara ya kwanza lilikuwa kitu kimoja.

Mabhena alizunguka mara tatu. "Sasa sikiliza," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa akizungumza. "Praima ni sponji. Inakunywa maji. Likinyeshewa kabla ya rangi, maji yanapita hadi kwenye chuma, kutu inaanza kwa ndani, na kazi yote ni bure. Hata umande sitaki."

Rangi, kijani kibichi cha giza, ilikuwa imeagizwa. Muuzaji alisema wiki mbili.

Siku ya nne ya wiki hizo mbili Moffat alirudi kutoka njia ya Kezi, inayopita Matobo, na safari hii hakuegemea ua. Aliingia getini akavua kofia. "Mama, nimemkuta mdogo wako dukani. Anasema bibi hali chakula vizuri. Kila asubuhi anaomba atolewe nje, alazwe uso ukielekea njiani."

MaNdiweni alikuwa akiosha vyombo. Akasema, "Asante, mwanangu," akaendelea kuosha sahani ileile.

Mabhena alisimama bandani muda mrefu. Akaangalia gari, akaangalia mbingu. "Moffat, huko njiani kuna mawingu?"

"Yapo, mzee. Ya kutisha watoto tu."

"MaNdiweni," akaita, "lile blanketi tulilomnunulia mama liko wapi?"

"Kabatini. La nini?"

"Kesho tunakwenda."

Akatoka mlangoni mikono ikidondosha maji. "Rangi je?"

"Rangi itatukuta mbele."

Waliondoka asubuhi, Mabhena ndani ya suti, MaNdiweni ndani ya gauni lake la kanisani, blanketi, sukari na chai vimefungwa kiti cha nyuma pamoja na turubai la nailoni endapo mbingu zitabadili mawazo. Gari halikuwa na bampa wala urembo wa pembeni. Vilibaki vimepangwa chini ya kitanda nyumbani. Lakini lilikwenda. Lilikwenda vizuri, likinguruma kama paka aliyeshiba, na kwenye kila mteremko Mabhena alipiga usukani kidogo kwa upendo. Hadi walipoiacha lami na kuingia njia ya vumbi, kwenye majabali, mawingu ya kutisha watoto yakaamua kutisha na wazee.

Tone la kwanza lilipiga boneti kama jiwe. Mabhena akafunga breki, akatoka mbio, akalitandaza turubai juu ya paa. Upepo ukalinyanyua. Akalikamata upande wa boneti. Likamponyoka upande wa nyuma. MaNdiweni akatoka kumsaidia, wakashika pembe mbili kila mmoja, na upepo ukaingia katikati ukalipeleka turubai hadi kwenye miiba ng'ambo ya korongo, likatundikwa huko kama bendera. Mvua ikashuka yote. Mabhena alibaki amesimama, mikono ameitandaza juu ya boneti, suti imemng'ang'ania mwilini, anajaribu kulikinga gari zima kwa kifua kimoja.

"Mabhena! Ingia ndani!"

"Inakunywa! Unaiona inavyokunywa?"

"Naiona! Ingia, utakufa, na mimi siwezi kuendesha!"

Akaingia. Wakakaa wakidondosha maji juu ya viti. Praima iliyokuwa ya kijivu ilikuwa inageuka nyeusi, kuanzia mbele kwenda nyuma, na maji yakichirizika juu ya madigadi ambayo MaNdiweni aliyasiriba kwa wiki tatu. Ndipo aliposikia mabega ya mumewe yanatikisika. Akageuka kwa hofu. Mabhena alikuwa anacheka.

"Afadhali punda," akasema akijifuta macho. "Punda hana praima."

Gulathi ilikuwa haijapata mvua tangu Machi. Walipofika, watu hawakuwa wamejikinga. Walikuwa nje, wanawake wanapiga vigelegele, na kwa kuwa gari liliingia uwanjani katikati ya vigelegele, haikujulikana vipi ni vya mvua na vipi ni vya mkwe. Mpiyezwe alimkumbatia shemeji yake aliyelowa chapachapa. "Karibu, shemeji! Tumengoja mmoja, mmekuja wawili, wewe na mvua!"

Mabhena aliingia nyumbani kwa mama mkwe kama desturi inavyotaka, ameinama, kofia mkononi, akaketi chini karibu na mlango, macho yake sakafuni. Bibi alikuwa amelala upande wa ndani, mdogo kama mtoto chini ya shuka. Mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemezani moja kwa moja, kwa hiyo Mpiyezwe aliketi katikati kupokezana maneno, ingawa chumba chenyewe kilikuwa hatua nne.

"Muulize mgeni," alisema bibi, "gari lake limevaa nini? Mlango ulipofunguliwa nimeona kitu cha majivu."

"Shemeji, mama anauliza..."

"Mwambie mama bado halijavaa," alisema Mabhena kwa sakafu. "Tumekuja nalo uchi."

MaNdiweni alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. "Mama, limesiribwa tu. Halijapakwa rangi."

Bibi akanyanyua kichwa. "Limesiribwa, halijapakwa, na mmelitoa kwenye mvua?"

"Ndiyo, mama."

"Senzeni! Nilikufundisha nini? Ukuta mbichi na mvua? Nani aliyetoa shauri hilo?"

Kisha Mabhena, kwa uchovu au kwa kusahau, akainua uso akamjibu mwenyewe. "Mimi, mama."

Mpiyezwe aliziba mdomo kwa mkono. Bibi akageukia ukutani upesi, kama adabu inavyotaka. Alipozungumza, alizungumza na ukuta.

"Mpiyezwe. Mwambie mkwe wangu kwamba baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema. Lakini hakuwahi kuharibu kitu chake kizuri kwa ajili yangu." Akapumua. "Halafu mwambie alitoe gari mvuani, aliweke kwenye banda la mbuzi. Mbuzi watolewe. Mbuzi hawapati kutu."

Mvua ilikatika kabla ya jua kuchwa. Siku iliyofuata bibi alikunywa uji bakuli zima, akatangaza kwamba anataka kutembezwa. Wakambeba hadi kiti cha nyuma, wakamzungushia blanketi jipya, binti yake ubavuni. Mabhena, ili asije akamwona, alikigeuza kioo cha ndani kikaangalia paa, akaendesha kijiji kizima bila kujua kilichoko nyuma yake, Mpiyezwe amechomoza kichwa dirishani akimwambia kushoto, kulia, ng'ombe.

"Polepole hapo," bibi aliagiza. "Hiyo ni nyumba ya MaDube? Imepasuka kona. Nilimwambia udongo wa kule mtoni una mchanga. Endesha. Na hiyo nayo ya nani?"

"Ya mjukuu wa MaDube, mama."

"Huyu anaweza. Simama kwanza niutazame ukuta wake vizuri. Haya, endesha."

Wakazunguka kuta zote za Gulathi namna hiyo, hadi mafuta yakawa ya kurudia Bulawayo tu.

Baada ya wiki moja kutu ilitokeza kwenye boneti na paa, vipele vidogo vya hudhurungi kama surua. Moffat alikuja, akatazama, na kwa mara ya kwanza hakupata utani. Wakaanza upya, boneti kwanza, wakasugua hadi kwenye chuma. Hawakuwa na haraka tena, na kazi hiyo iliwachukua kipindi chote cha mvua. Rangi ilipigwa mwezi wa Aprili, asubuhi isiyo na upepo, na MaNdiweni ndiye aliyeshika mpira wa hewa ili usiguse gari. Kijani kile kiling'aa kiasi kwamba ukiinama unaona meno yako.

Bibi alifariki mwezi wa Juni, usingizini. Walikwenda Gulathi kwa gari la kijani, bampa na urembo wote mahali pake, na watu wengi walikuwa wamekusanyika, wakiwemo wazee waliojipanga kando ya njia. Mabhena hakulipeleka hadi uwanjani. Alilisimamisha mbali, nyuma ya zizi, akamshika mkewe mkono hadi kwa wanawake wenzake, kisha akavua koti, akauliza sepetu za kuchimbia kaburi ziko wapi.